Kanyweni Kura Zenu

Machi 4

Mwanangu Kapteni,

Marahaba, kabla hata hujaniamkia, maana najua utaniamkia. Mimi mzima. Goti ndilo lina maneno yake, lakini cherehani naikanyaga kwa mguu mwingine, kazi inakwenda. Wewe je? Unakula? Unalala? Uliniambia hapo makao makuu simu mnaziacha mlangoni, na barua zinafunguliwa na kusomwa kabla hazijakufikia. Haya. Na wewe ofisa unayenisoma sasa hivi, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Endelea tu baba, usione haya, sina siri.

Mwanangu, tangu kombora la hawa majirani zetu lianguke kwenye kituo cha mabasi kule mpakani likaua watu kumi na mmoja, huku mtaani hakuna habari nyingine. Unamkumbuka Baba Vifungo anayeniuzia zipu na nyuzi? Mdogo wake ni mmoja wa hao kumi na mmoja. Alikuwa amekalia begi lake, anangoja basi. Siku ya nne Baba Vifungo akafungua duka. Anapima zipu huku machozi yanadondoka kwenye rula, na sisi wateja tunaangalia dari.

Basi watu wananijia mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu nimewaambia. Nimewaambia jeshi la nchi hii haliwezi kurusha hata jiwe mpaka mwanangu asome na atie sahihi. Mwenye bucha kisu kilimsimama hewani.

"Nani? Bi Kwanini? Yule aliyekuwa akija hapa kuuliza kwa nini ng'ombe hakukimbia?"

"Huyohuyo," nikamwambia, "na sasa anawauliza majenerali."

Akasema nikuandikie hivi: usipoteze wino. Ile serikali ya ng'ambo ya mpaka wananchi wake waliichagua wenyewe, walipanga foleni, hakuna aliyewashika mkono. Kwa hiyo wote wameyataka, na wapigwe wote. Na mimi sikufichi, niliitikia. Wametupiga, turudishe. Tia sahihi mwanangu, kwa ule mwandiko wako mzuri ambao mwalimu wa darasa la tatu alikuwa anawaonyesha wenzako.

Mimi mama yako,
Mama Kapteni


Machi 11

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako ilitangulia, lakini naamkia hivyo hivyo, nisije nikaambiwa cheo kimenipanda kichwani. Ofisa anayesoma barua alinisimamisha kwenye ngazi akasema, "Mwambie mama shikamoo, amenizidi." Mimi mzima. Nakula, nalala vipande vipande. Goti lifunge kwa kitambaa cha moto jioni, tafadhali.

Chumba chetu kina meza sita na birika la chai lisiloisha, dirisha hakuna. Kazi yangu si siri, imeandikwa kwenye vitabu vya sheria vinavyouzwa madukani. Kila faili ni mahali pamoja panapotakiwa kupigwa. Ndani mna picha, ramani, na maelezo ya nani yuko pale. Mimi naandika chini ndiyo au hapana, na sababu. Mkuu wangu akitaka kwenda kinyume na mimi anaweza, ila lazima aandike jina lake mwenyewe juu ya langu. Yaliyomo ndani ya mafaili ndiyo siri, na hayo sitakuandikia hata siku moja.

Mwenye bucha mwambie hivi. Tumeumizwa, hilo halina ubishi, na tuna haki ya kujikinga. Lakini sheria hairuhusu kulipiza kisasi kwa yeyote tu tunayemfikia. Inaruhusu kumzuia anayetupiga. Kuchaguliwa hakuifanyi serikali kuwa takatifu. Askari wake na makombora yake tunaweza kuyapiga. Lakini aliyepiga kura si askari, na kuna mwingine kule aliyepiga kura ya kuikataa serikali hiyohiyo. Na wapo watoto, ambao hawakupiga kura yoyote.

Mama, nakuomba kitu kimoja. Punguza kunisifu, kwa muda tu.

Baba Vifungo mpe pole yangu. Kama anakataa pole, mnunulie zipu.

Mimi mwanao


Machi 19

Mwanangu,

Marahaba. Kitambaa cha moto nimefunga, goti limenyamaza. Nipunguze kukusifu? Basi niambie pia nipunguze kupumua. Haya, nimesikia, nitajaribu.

Sasa sikia, hata mimi nina cheo! Mafundi wa jengo letu wamefanya uchaguzi wa mwenyekiti. Kura thelathini na nane. Mimi nimepata ishirini na mbili, Fundi Mashuka akapata kumi na sita, na mdomo ukamvimba. Kwa hiyo usinione hivi, mimi ni serikali iliyochaguliwa.

Siku ya tatu ya utawala wangu mvua ikanyesha, paa likavuja, suti ya bwana harusi ikalowa yote. Mwenye jengo nimemwambia habari ya paa tangu mwaka juzi. Nikapandwa na hasira. Nikachukua kufuli langu, lile kubwa la sanduku, nikaenda kufunga stoo yake ya mapipa ya rangi. Sikumuuliza mtu. Nikasema akizitaka rangi zake atengeneze paa kwanza.

Kesho yake tunafika kazini, bomba la uani limefungwa. Bomba lenyewe ndilo hilo moja, la pasi, la kunywa, la choo. Watu thelathini na nane. Mwenye jengo amesimama kando ya gari lake anacheka.

"Fungua maji," nikamwambia. "Ugomvi ni wangu mimi na wewe."

"Wewe si mwenyekiti wao? Mlimchagua wenyewe," akawageukia wenzangu. "Sasa kanyweni kura zenu!"

Fundi Mashuka akatokea na ndoo mkononi. "Mimi kura yangu sikumpa huyu. Mbona kiu napata?"

Watu walicheka, mwanangu, lakini mimi sikucheka. Nilikaa kwenye ngazi nikajiuliza. Angevunja kufuli langu, haki yake. Angenipeleka kwa mtendaji wa mtaa, haki yake pia, maana mimi ndiye niliyeanza. Angenifukuza mimi kwenye chumba changu, tungebishana. Lakini yule mama anayeshona vifungo kwa mkono ana mimba ya miezi saba, anabebeshwa ndoo toka barabara kuu kwa sababu ya kufuli langu? Kisha nikakumbuka jinsi nilivyomwitikia mwenye bucha. Nikaona aibu, na mimi aibu hainikai vizuri.

Nilimnunulia zipu Baba Vifungo, zipu sita. Akaniuliza, "Muulize mwanao. Waliorusha watajulikana? Mimi sitaki mji wa watu. Nawataka waliorusha." Nikamwambia nitauliza. Nimeuliza.

Mimi mama yako,
Mheshimiwa Mwenyekiti


Machi 27

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

Nimecheka mpaka meja wa meza ya pili akasimama kuangalia kama ninalia. Nakupa ushauri bure, ambao wengine wanaulipia. Kafungue kufuli lako kwanza. Na wewe ulikosea, na ukiliacha pale unampa sababu ya kusimulia. Ukishalitoa, yeye ndiye atakayebaki na kosa mkononi.

Baba Vifungo mjibu kwamba sijui. Kuwatafuta ndiyo kazi inayotumaliza hapa.

Jana nimeletewa faili jingine, sisemi la nini. Nasema tu kwamba mkuu wangu, Kanali, amesimama nyuma ya kiti changu anasubiri, na maneno anayoyasema ni yaleyale ya mwenye bucha, tofauti ni nyota begani. Kanali si mtu mbaya. Anaowazika ni askari wake. Amesema nikiandika hapana nitafute pengine pa kukaa.

Usiwe na wasiwasi. Nakula.

Mimi mwanao


Aprili 3

Mwanangu,

Marahaba mara saba. Huku mambo ni moto, lakini mazuri!

Kufuli nimelitoa. Nililitoa usiangalie jinsi nilivyolitoa, meno nimeyauma. Kisha mafundi wote, na Mashuka akiwemo, tukaenda kwa mtendaji kusema stoo iko wazi ila bomba bado limefungwa. Jioni maji yakatoka. Paa bado linavuja, lakini tumeahidiwa mabati kwa maandishi. Utawala wangu unapendwa.

Sasa la pili. Alikuja mteja, kijana mstaarabu, anataka kupunguziwa kiuno cha suruali. Wakati nampima akasema, "Mama Kapteni, nasikia binti yako ndiye anayewazuia majenerali." Mwanangu, nilijaribu kunyamaza. Nilinyamaza kiuno kizima. Nilipofika kwenye pindo nikashindwa. Nikamwambia mwanangu mimi namjua. Hawezi kutia sahihi watu wakatiwe maji kwa sababu ya mtu waliyempigia kura. Ataandika hapana kubwa kama mlango.

Kumbe ni mwandishi wa gazeti! Leo limetoka, ukurasa wa kwanza: "Mwanasheria wa Jeshi Apinga Kupiga Mitambo ya Maji." Mitambo yeye ndiye ameiongeza, mimi nilisema maji tu, lakini inapendeza. Nimenunua nakala tisa. Moja nimeibandika ukutani juu ya cherehani, na moja ninakutumia humu ndani ya bahasha ujionee.

Najua ulisema nipunguze. Nilipunguza karibu wiki mbili.

Mimi mama yako mwenye furaha


Aprili 20

Mwanangu,

Sijapata barua. Wiki mbili na zaidi. Kama ni kazi, sawa, fanya kazi. Kama ni hasira, niandikie basi neno moja la hasira nilione. Posta wananiona kila asubuhi mpaka yule wa dirishani anatikisa kichwa kabla sijafika.

Gazeti nimelibandua ukutani. Sijui kwa nini, mkono umelibandua tu.

Ofisa unayesoma, kama wewe una mama, mwambie mwanangu aandike.

Mama yako


Aprili 26

Mwanangu,

Sijui kama hii utaruhusiwa kuisoma. Naiandika.

Jana walikuja wanajeshi wawili dukani, mmoja mrefu, mmoja wa kuandika. Wakaniamkia vizuri. Nikawapa viti, nikaanza kuwaeleza madarasa uliyopita. Yule mrefu akaniinulia mkono.

"Mama, nani alikuambia habari ya mitambo ya maji?"

"Mitambo gani?"

"Ya mji mkuu wa ng'ambo. Habari hiyo walikuwa nayo watu tisa. Wa kumi ni wewe, na wewe ukaliambia gazeti. Binti yako yuko chini ya uchunguzi. Ikithibitika alikuandikia, atavuliwa cheo na kufungwa."

Mwanangu, mkasi ulinitoka mkononi. Ndipo nikaelewa kwa nini uliniomba nipunguze. Kumbe lile faili lilikuwa la maji kweli! Mimi nilisema maji kwa sababu ya bomba la uani! Ningekuwa nimefungiwa choo ningesema choo!

Nikawaambia. Hawakuamini. Yule wa kuandika akasema, "Mama anamtetea mwanae, ni kawaida." Nikaona hapa hakuna njia ila moja. Nikamwita Fundi Mashuka, asiyenipenda, nikamwambia waambie hawa wakubwa mimi ni mtu wa namna gani.

Alivyofurahi! Akavuta kiti. "Huyu? Huyu ni mtu wa kutia chumvi. Binti alipokuwa mwaka wa pili chuoni, mama huyu alitutangazia kwamba binti amekuwa jaji. Binti alipopata cheti cha kuogelea, tuliambiwa amemwokoa waziri. Gazeti lile lilipotoka hakuna hata mmoja hapa aliyeamini. Mimi langu nililifungia mashuka ya wateja."

"Ni kweli haya, mama?" mrefu akaniuliza.

"Ni kweli," nikasema. "Na la waziri lilikuwa kubwa zaidi, nilisema wawili."

Nikawaambia yote. Kwamba hujawahi kuniandikia la kazi hata moja. Kwamba uliniomba ninyamaze na sikunyamaza. Kwamba mimi nakusifu kwa sababu nilitoka shule darasa la tano kushona sare za wenzangu, na kila ulichopata wewe nilihisi nimekishona mimi. Nikasema kama barua zangu wanazifungua, basi wakaitafute ya mwezi wa tatu, ya kufuli na bomba, wasome wenyewe.

Yule wa kuandika akayaandika, zikawa kurasa tatu za jinsi ninavyojisifu. Nikazisoma mbele ya mafundi wote, nikatia sahihi kila ukurasa. Mwandiko wangu mbaya.

Nisamehe mwanangu. Cheo sikitaki tena. Nataka urudi.

Mama yako


Mei 6

Mama yangu,

Shikamoo. Kwanza futa machozi, niko huru, na cheo ninacho.

Sikukuandikia kwa sababu sikuruhusiwa kuwa hata na kalamu. Kilichoniokoa ni barua yako ya bomba. Ofisa anayesoma barua aliipiga muhuri Machi 22, na faili lile lilifika mezani kwangu Machi 26. Alisimama mbele ya baraza la uchunguzi akaisoma yote kwa sauti, alipofika kwenye "mbona kiu napata" jenerali mmoja akajifanya anakohoa. Kisha wakasoma kurasa zako tatu, na hapo hakukohoa mtu.

Mama, najua kurasa zile zilikugharimu nini.

Sasa mambo yamezungumzwa bungeni, kwa hiyo naweza kukueleza. Faili lilitaka tupige mitambo ya maji ya mji wao na nyumba za mawaziri wao, ili wananchi waliowachagua wawakasirikie. Niliandika hapana, na sababu kurasa sita. Kanali alikuwa tayari kuandika jina lake juu ya langu. Gazeti lako likatoka, wabunge wakauliza, na ghafla hakuna mkubwa aliyetaka jina lake liwe juu ya langu. Mji ule una maji leo. Sikusifii kwa hilo, ulinitia matatani, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kanali hanitaki tena chumbani kwake. Nimehamishiwa chuo cha jeshi, nitawafundisha askari wapya hii sheria kabla hawajapewa bunduki. Kazi hiyo nimeifurahia kuliko nilivyomwonyesha Kanali.

Kuna faili jingine, la siku niliporudishiwa kalamu, kabla ya uhamisho. Nililiandikia ndiyo. Kambi iliyorusha lile kombora ilipatikana, porini, mbali na nyumba za watu, na askari wake walikuwa wanajiandaa kurusha tena. Niliuliza kila swali nililolijua. Niliandika ndiyo, na wiki iliyopita ikapigwa. Askari kumi na wanne. Sheria iko wazi, na ningeletewa tena leo ningeandika ndiyo. Lakini nilionyeshwa picha ya baadaye, Mama. Kulikuwa na kamba ya nguo imesimama, na mashati yameanikwa.

Nimeruhusiwa kukuambia hili, na Baba Vifungo anaweza kuambiwa. Nimepewa siku kumi za mapumziko. Nikija nyumbani nitakusumbua?

Mimi mwanao


Mei 12

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, na tena marahaba. Barua nimeisomea dirishani pale pale posta, yule wa dirishani akalia kabla yangu.

Utanisumbua! Maswali gani hayo, na wewe ni mwanasheria?

La hapana yako nimelitangaza, nisamehe, lilikuwa limeshatangazwa bungeni, nikaona mimi ni nani hata ninyamaze. Mwenye bucha kasema wewe ni msaliti, na sasa ananipimia mifupa mitupu. Nimehamia bucha ya kona, nyama nzuri zaidi na mwenyewe anasalimia. Mashuka ameanza kuniita Mheshimiwa, nusu kwa dhihaka, nusu sivyo. Mabati yamekuja. Jana mvua ilinyesha saa nzima, sote thelathini na nane tukaacha cherehani tukaangalia juu, hakuna hata tone.

La ndiyo nilimwambia Baba Vifungo peke yake, kwa sababu ni haki yake. Nilingoja wateja waondoke. "Waliorusha wamepatikana," nikasema. Akauliza wangapi. Nikamwambia. Alikunja futi yake polepole mpaka mwisho, akaikunjua, akaikunja tena. "Basi na kule leo kuna nyumba kumi na nne zinazolia watu wao," akasema. Hakufurahi, lakini mabega yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Akaniambia nikupe salamu, na kwamba sasa anaweza kulipeleka lile begi kwa mke wa marehemu.

Mtu mwingine sijamwambia. Mwenye bucha angeshangilia, na nisingependa mtu ashangilie kwa hilo. Hilo nitalibeba na wewe. Ukitaka kulisema utalisema, usipotaka tutakaa kimya, mimi naweza, usicheke.

Kitanda chako nimekitandika shuka mpya, nimenunua kwa Mashuka mwenyewe kwa bei yake. Pazia la chumba nimelishonea kitambaa cha pili ndani, jua la asubuhi lisikuamshe. Shuka kwenye basi kituo kimoja kabla ya chetu, pitia mlango wa uani, nitauacha wazi. Nimesema dukani kwamba Jumamosi nafunga nina kazi za nyumbani. Wameniuliza kazi gani, nikasema za kawaida.

Mwanangu, lala siku zote kumi ukipenda. Sijamwambia mtu yeyote kwamba unakuja.

Mama yako